Mantiki: Hesabu ya Fikira Iliyozaa Kompyuta

Katika somo la leo twataka kuzungumza habari za mantiki, na jinsi elimu hiyo ya kale ilivyozaa chombo kiitwacho kompyuta. Kabla ya kuanza, mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: NA, AU, SI. Maneno hayo ni mafupi, na kila mmoja wetu huyatumia tangu utotoni. Lakini mkisikiliza hata mwisho mtaona ya kwamba hesabu zote za kompyuta, na za simu iliyo mfukoni mwako, zimejengwa juu ya maneno hayo matatu.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua darasa la watu wazima katika kijiji kimoja cha wakulima. Nikakuta watu wamejaa mbele ya ofisi, wananung'unika. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekubaliana ya kwamba mbolea ya bei nafuu igawiwe kwa kila mkulima mwenye kadi ya uanachama, au mjane wa mwanachama aliyefariki. Majina ya wakulima wote yalikuwa yamekwisha kutiwa katika kompyuta. Siku ile karatasi ya majina ilipotoka, ilikuwa na majina manne tu. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameachwa. Karani, kijana mpole, aliwajibu wote neno lile lile: "Kompyuta ndiyo iliyokataa, nami siwezi kubishana nayo."

Basi bibi mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wa darasa letu kwa mwaka wa pili, akasogea mezani. Akasema, "Mwanangu, hebu nionyeshe hilo sharti mlilolipa kompyuta." Karani akamwonyesha. Yule bibi akalisoma polepole, akifuata kila neno kwa kidole. Kisha akasema, "Sisi mkutanoni tulisema mwenye kadi au mjane. Hapa mmeandika mwenye kadi na mjane."

Karani akatazama, akanyamaza. Kompyuta ilikuwa imefanya sawasawa kama ilivyoagizwa. Iliwatafuta watu wenye kadi ambao pia ni wajane, ikawapata wanne. Kosa lilirekebishwa, lakini ilibidi orodha ipelekwe tena wilayani kutiwa sahihi, na mbolea ilipofika mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kupita. Neno moja la herufi mbili liliwapotezea watu wale sehemu ya mavuno yao.

Je, ilikuwaje chombo kikubwa kama kile kikategemea neno dogo namna ile? Kujibu swali hilo yatupasa kurudi nyuma sana katika historia.

MANTIKI NI NINI?

Mantiki ni elimu ya kupima kama neno la mwisho linafuata kweli kutoka katika maneno yaliyotangulia. Mtu wa kwanza kuipanga elimu hiyo katika vitabu, kwa kadiri ya maandishi yaliyotufikia, ni Aristotle wa Ugiriki, aliyezaliwa mwaka 384 na kufariki mwaka 322 kabla ya Kristo.

Tuchukue mfano. Nikisema: "Kila mwalimu anajua kusoma. Juma ni mwalimu. Basi Juma anajua kusoma." Hapo neno la mwisho linafuata, wala huwezi kulikataa ukiwa umeyakubali mawili ya kwanza. Sasa sikilizeni mfano wa pili: "Kila mwalimu anajua kusoma. Juma anajua kusoma. Basi Juma ni mwalimu." Je, linafuata? Hasha. Huenda Juma ni mvuvi aliyejifunza kusoma katika darasa kama lenu. Maneno ni yale yale, lakini mpango wake umeharibika.

Mfano wa tatu ni wa kuchekesha, nao una fundisho kubwa: "Samaki wote huruka angani. Ngamia ni samaki. Basi ngamia huruka angani." Mpango wa maneno hayo ni sahihi kabisa, sawa na ule wa mfano wa kwanza. Kosa limo katika maneno yenyewe, kwa kuwa samaki hawaruki angani wala ngamia si samaki. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kupimwa: mpango wa maneno, na ukweli wa maneno. Mantiki hupima mpango. Ukweli wapaswa kuutafuta wewe mwenyewe, kwa macho yako na kwa kuuliza. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Vitabu vya Aristotle vilifasiriwa kwa Kiarabu, na wataalamu kama al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, wakaieleza na kuiongeza elimu hiyo. Waarabu waliiita mantiq, neno lenye asili moja na neno lao la kunena. Ndiyo sababu sisi Waswahili twasema mantiki.

MTOTO WA FUNDI VIATU

Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu mbili mantiki ilikuwa elimu ya maneno. Aliyeigeuza kuwa hesabu ni Mwingereza mmoja, jina lake George Boole. Alizaliwa katika mji wa Lincoln tarehe 2 Novemba 1815. Baba yake alikuwa fundi viatu, tena mpenda hesabu na vyombo vya kutazamia nyota, lakini biashara yake haikustawi. Kijana George hakupata kwenda chuo kikuu. Alipokuwa na umri wa miaka 16 ikambidi aajiriwe kuwa mwalimu msaidizi, ili awalishe wazazi wake na ndugu zake. Alipofika miaka 19 akafungua shule yake mwenyewe katika mji wake.

Mchana alifundisha watoto, na saa zilizobaki alijifundisha mwenyewe. Alijisomea Kigiriki, Kifaransa na Kijerumani, na vitabu vigumu vya hesabu. Tena hakuikalia elimu yake peke yake. Huko Lincoln kulikuwa na chama cha elimu ya mafundi na wafanyakazi, naye alikuwa akifundisha na kutoa hotuba mle. Mwaka 1847 aliwahutubia watu wa chama kilichotaka maduka yafungwe mapema jioni, ili watumishi wa madukani wapate nafasi ya kupumzika na kujisomea. Hotuba yake ilihusu kuutumia vema wakati wa mapumziko. Nyinyi mnaosikiliza jioni hii baada ya kazi za mchana mnaona ya kwamba Bwana Boole alikuwa mwenzenu.

Mwaka huo huo wa 1847 akachapisha kitabu kidogo juu ya hesabu ya mantiki. Mwaka 1849 aliteuliwa kuwa profesa wa hesabu katika chuo kipya cha mji wa Cork, nchi ya Ayalandi, ijapokuwa hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Mwaka 1854 akatoa kitabu chake kikubwa, kiitwacho kwa Kiswahili Uchunguzi wa Sheria za Fikira.

Alifanya nini hasa? Alichukua herufi, tuseme x, akaifanya iwe alama ya kundi la vitu. Tuseme x ni ng'ombe weusi. Ukienda zizini ukawatenga ng'ombe weusi, umepata x. Sasa ingia tena katika kundi lile ulilolitenga, uwatenge ng'ombe weusi kwa mara ya pili. Utapata nini? Utapata ng'ombe wale wale. Kwa hiyo, akasema Boole, katika hesabu ya fikira x mara x ni x.

Sasa mwalimu na awaulize wanafunzi: katika namba za kawaida, ni namba zipi ambazo ukizizidisha kwa zenyewe hazibadiliki? Mbili mara mbili ni nne, kwa hiyo 2 haifai. Tatu mara tatu ni tisa, nayo haifai. Lakini 0 mara 0 ni 0, na 1 mara 1 ni 1. Ni hizo mbili tu. Ndipo Boole akaona ya kwamba fikira zaweza kuandikwa kwa hesabu yenye namba mbili peke yake. Moja ni vitu vyote, na sifuri ni kutokuwa na kitu. Ukitaka kusema "ng'ombe wasio weusi", waandika 1 toa x. Ukitaka "weusi NA wenye pembe", wazidisha. Yale yaliyokuwa mabishano ya maneno yakawa jambo la kuandika na kukokotoa.

Boole hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Mwishoni mwa mwaka 1864 alitembea kwa miguu katika mvua kubwa kwenda kufundisha, akafundisha akiwa na nguo zilizolowa, akashikwa na homa ya mapafu. Akafariki tarehe 8 Desemba 1864, mwenye umri wa miaka 49. Wakati huo hapakuwa na taa ya umeme katika nyumba za watu, sembuse kompyuta. Watu wengi waliiona hesabu yake kuwa jambo la wataalamu wachache, lisilo na kazi duniani.

KIJANA WA SWICHI

Ikapita miaka zaidi ya sabini. Huko Marekani alikuwako kijana mmoja, Claude Shannon, aliyezaliwa mwaka 1916. Alisoma hesabu na uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Michigan, na huko akafundishwa pia mantiki ya Boole. Mwaka 1936 akaingia chuo cha ufundi cha Massachusetts, akapewa kazi ya kuangalia mtambo mkubwa wa kukokotoa hesabu. Mtambo huo uliongozwa na swichi nyingi zilizowashwa na kuzimwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Swichi za namna hiyo ndizo zilizotumiwa pia katika vituo vya simu.

Siku hizo mafundi waliziunga swichi kwa uzoefu, na kwa kujaribu na kujaribu tena. Shannon alipozitazama akaona kitu ambacho wengi hawakukiona. Swichi ina hali mbili tu: ama yapitisha umeme, ama haipitishi. Moja, au sifuri. Hii ndiyo hesabu ya Bwana Boole!

Fikirini mfereji wa maji ya shamba wenye milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Maji yatafika shambani iwapo mlango wa kwanza umefunguliwa NA wa pili umefunguliwa. Sasa fikirini mifereji miwili inayokwenda shamba lile lile, kila mmoja na mlango wake. Maji yatafika iwapo mlango wa kwanza umefunguliwa AU wa pili umefunguliwa, na ikiwa yote miwili imefunguliwa yatafika vilevile. Ndivyo ilivyo kwa umeme. Swichi zilizofuatana ni NA. Swichi zilizopangwa sambamba ni AU. Na iko swichi inayogeuza mambo, ambayo umeme ukiifikia hukata njia, na usipoifikia huiacha njia wazi. Hiyo ni SI.

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 21, Shannon aliyaandika hayo katika tasnifu yake, nayo ikachapishwa mwaka 1938. Alionyesha ya kwamba mpango wowote wa swichi waweza kuandikwa kwa hesabu ya Boole, na ya kwamba ukiifupisha hesabu hiyo karatasini umepunguza swichi za kununua. Haki yatupasa kusema pia kwamba katika miaka hiyo ya 1930 Akira Nakashima wa Japani na Victor Shestakov wa Urusi waliliona jambo hilo hilo, kila mmoja kwao. Matunda yakiiva, wachumaji huwa wengi.

KOMPYUTA HUJUMLISHAJE?

Mtu ataniuliza, "Bwana Afisa, maneno matatu yanawezaje kufanya hesabu?" Tufanye pamoja ubaoni. Sisi huhesabu kwa tarakimu kumi, 0 hata 9, na tukipita 9 twabeba 1 na kuiandika upande wa kushoto. Kompyuta ina tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo ikipita 1 yabeba mara moja, na mbili kwake huandikwa 10.

Basi 0 na 0 ni 0. Kisha 0 na 1 ni 1. Kadhalika 1 na 0 ni 1. Na 1 na 1 ni 10, yaani andika 0 na kubeba 1. Sasa tazameni. Yabeba 1 lini? Pale tu ambapo tarakimu ya kwanza NA ya pili zote ni 1. Yaandika 1 upande wa kulia lini? Pale ambapo ya kwanza AU ya pili ni 1, lakini SI zote mbili. Kazi imekwisha! Kwa swichi chache zilizopangwa hivyo, umeme wajumlisha. Shannon mwenyewe alichora mtambo wa kujumlisha namna hiyo katika tasnifu yake. Kutoa, kuzidisha na kugawanya huweza kujengwa juu ya mambo hayo hayo. Leo swichi hizo, ziitwazo transista, ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona, na simu moja ya kisasa huwa na mabilioni yake.

SWALI LILILOZAA PROGRAMU

Mantiki ilileta jambo la pili, nalo ni kubwa vilevile. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Ujerumani, David Hilbert na Wilhelm Ackermann, waliuliza katika kitabu chao: Je, yaweza kupatikana njia moja ya hakika, ya kufuatwa hatua kwa hatua, itakayotuambia juu ya neno lolote la mantiki kama linathibitika au la?

Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 25, akajibu kwamba njia hiyo haiwezi kupatikana. Mmarekani Alonzo Church alikuwa amefikia jibu hilo mwaka huo huo kwa njia nyingine. Ili kuthibitisha neno lake, Turing aliwaza mashine ya mawazoni tu. Mashine hiyo husoma alama katika utepe mrefu, hufuta, huandika, na kusogea hatua moja, kwa kufuata amri alizopewa. Akaonyesha ya kwamba yaweza kuwako mashine moja yenye kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya namna hiyo, maadamu imepewa amri zake kwa maandishi. Maandishi hayo ya amri ndiyo tuitayo leo programu. Kwa hiyo mwaka ule ule uliotuonyesha uwezo wa kompyuta ulituonyesha na mpaka wake.

Tangu hapo watafiti wa kompyuta hawakuiacha mantiki. Mwaka 1969 Mwingereza Tony Hoare alionyesha jinsi ya kuithibitisha programu kwa mantiki, kama mtu athibitishavyo neno la hesabu. Mwaka 1970 Edgar Codd alieleza jinsi ya kupanga orodha kubwa za habari katika majedwali, na kuziuliza maswali kwa kanuni za mantiki. Orodha ya wakulima wa kijiji kile iliulizwa kwa njia kama hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi anayeanza elimu ya kompyuta chuoni hukutana na NA, AU na SI mapema sana.

FUNDISHO LETU

Sasa turudi kwa yule bibi. Karani alidhani kompyuta imetoa uamuzi. Kwa kweli uamuzi ulikuwa umetolewa na mtu aliyeandika neno moja badala ya jingine. Kompyuta hufuata mpango wa maneno upesi kuliko sisi sote, wala haichoki. Lakini ukiiambia kwamba ngamia ni samaki na samaki wote huruka, itakuandikia bila haya kwamba ngamia huruka. Sharti likiwa baya, jibu litakuwa baya, hata likichapwa vizuri namna gani.

Siku hizi majina yetu ya shule, ya hospitali, ya mikopo na ya mashamba yamo katika kompyuta. Mtu akikuambia, "Kompyuta imekataa," usimgombeze, wala usirudi nyumbani kwa unyonge. Muulize kwa adabu: "Sharti mliloipa ni lipi? Hebu nisomeeni." Kisha sikiliza vizuri palipo na NA, palipo na AU, na palipo na SI. Mtoto wa fundi viatu alijifunza mambo hayo bila kuingia chuo kikuu, na bibi wa kijijini aliona kosa ambalo ofisi nzima haikuliona, kwa sababu alijua kusoma na alikumbuka kilichosemwa mkutanoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. "Kila mvuvi ana ngalawa. Saidi ana ngalawa. Basi Saidi ni mvuvi." Je, neno la mwisho linafuata? Kwa nini?

2. Chama chenu kinataka kutoa mkopo kwa mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, aliyelipa ada, na asiyedaiwa mkopo wa zamani. Andikeni sharti hilo ubaoni, mkionyesha NA na SI. Kisha badilisheni NA moja iwe AU, mwone ni nani atakayepata mkopo asiyestahili.

3. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini 0 na 1 tu ndizo zilizofaa katika hesabu ya Boole.